Daftari la Arobaini na Saba

Kila kiwanja cha mji ule kilikuwa na mahali pake pa kulala, na kwa miaka thelathini na mmoja mtu aliyepajua mahali hapo alikuwa mmoja tu. Alikuwa mtunza masijala wa ofisi ya ardhi. Wenzake walimwita Shubaka tangu ujana wake, kwa sababu alipenda kujibanza katikati ya mashubaka ya faili kama mjusi aliyeona watu. Mvi zilipomwingia wakamwongezea heshima, akawa Mzee Shubaka.

Ukimuuliza swali mbele ya watu, masikio yalimshika moto na sauti ikamkauka. Lakini ukimfuata kule nyuma, kwenye harufu ya karatasi na vumbi, angekutajia kiwanja, mwenye kiwanja, na babu wa aliyemuuzia.

"Huyu siku akifa tumzike na funguo zake," karani wa mapokezi alizoea kusema. "Maana hata tukibaki nazo, hatutajua za kufungulia nini."

Mzee Shubaka alicheka kwa pua, akarudi zake ndani. Hakupenda sana kukaa ndani kama wenzake walivyodhani. Alikaa kwa sababu kutoka kulimlazimu apite mbele ya benchi la korido.

Alikuwa amebakiza wiki sita astaafu ile asubuhi mashine zilipoletwa. Ilikuja mashine ya kupiga picha karatasi, ikaja kompyuta, akaja na binti mmoja wa kuzifanyia kazi, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Mama Msajili, mkuu wa ofisi, akawakusanya wafanyakazi wote.

"Mwezi ujao mfumo unafunguliwa," alisema. "Mtu ataangalia kiwanja chake kwenye simu akiwa amekaa nyumbani kwake. Hakuna tena foleni, hakuna tena njoo kesho. Ila mjue jambo moja. Kilichomo kwenye mfumo ndicho kilichopo. Kisichomo, hakipo."

Watu wakapiga makofi. Mzee Shubaka naye akainua mikono apige. Ndipo aliposikia, nyuma yake, kule mashubakani ambako hapakuwa na mtu: ko-ko. Kikapita kimya kifupi. Ko.

Hakugeuka. Sauti ile alikuwa nayo kwa miaka ishirini na miwili. Mkewe aliwahi kumpeleka kwa daktari wa masikio, na daktari akasema masikio yake ni mazima kuliko ya kijana.

Sasa, masijala ile ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Jambo lililokamilika liliingia daftarini kwa wino. Jambo linalongoja kitu, iwe ni mpimaji, au muhuri, au cheti cha kifo, liliandikwa pembeni kwa penseli mpaka kinachongojwa kifike. "Penseli ni uchumba, wino ni ndoa," mtunza masijala aliyemtangulia alimfundisha. Na kama ilivyo kwa wachumba, wengine walingoja mpaka wakazeeka. Watu walijenga, wakazaa, wakaozesha watoto juu ya mstari mmoja wa penseli, wala hawakukosa usingizi. Mtu akija kuuza, Mzee Shubaka alifungua daftari, akatazama pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa kuna mtu wa penseli." Mauzo yakasimama mpaka huyo mtu aitwe.

Siku ya tatu ya kazi mpya, binti wa mashine aliweka ukurasa juu ya kioo, akabonyeza, picha ikatokea kwenye kompyuta. Mzee Shubaka akainama kuitazama.

"Na haya ya pembeni yako wapi?"

"Yapi, babu?"

"Haya." Akaweka kidole kwenye daftari.

Binti akatazama daftari, akatazama kompyuta. Wino ulikuwa mweusi tii. Pembeni palikuwa peupe, kana kwamba hakuna aliyewahi kungoja kitu.

"Penseli imefifia, mashine haiioni," alisema. "Kwani ni lazima?"

"Huyo ni mjane," alisema Mzee Shubaka. "Ana watoto wanne mle."

Mama Msajili akaitwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Akaamua Mzee Shubaka akae kando ya binti, amsomee kila neno la penseli, naye binti aliandike kwenye kisanduku cha maelezo. "Ila muwe makini," alisema. "Ukurasa ukishafungwa, umefungwa. Haufunguliwi tena bila amri ya mahakama."

Basi wakaanza, babu na mjukuu wa kazini, daftari moja baada ya jingine.

"Babu, hapa umeandika 'shemeji hataki'. Hataki nini?"

"Kusaini."

"Na sasa hivi?"

"Sasa ni marehemu."

"Basi ndiyo hataki kabisa!" Binti akacheka mpaka akaegemea meza. "Na hapa mbona umekata mistari mitatu? Huna kifutio?"

"Sifuti," alisema Mzee Shubaka.

Ofisi nzima ilijua hivyo. Akikosea alikata kwa mstari, hata kwenye barua ya kuomba likizo, na barua zake zilifanana na shamba lililopitiwa na kuku. Walidhani ni tabia tu ya mtu mpweke. Kumbe kifutio alikuwa nacho. Kilikaa kwenye droo ya chini, ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi.

Madaftari yaliyomalizika yalipelekwa ghala, na mashubaka yakawa matupu moja moja. Hapo ndipo Mzee Shubaka alipotambua kwamba karatasi zilikuwa zikimsitiri. Zamani ile sauti ilikuja kwa mbali, imefunikwa, mara moja kwa wiki au mara mbili. Sasa kila shubaka likitoka ilisogea. Wenzake wakienda kula mchana, naye akabaki peke yake na mbao tupu, aliisikia kama iko upande wa pili wa meza. Ko-ko. Ko. Alihesabu kimoyomoyo. Wako daftari la thelathini na nane. La thelathini na tisa. Aliloliogopa lilikuwa la arobaini na saba.

Habari yenyewe ni hii.

Ndugu wawili walirithi kiwanja kimoja. Mkubwa akachukua upande wa barabarani, mdogo, aliyekuwa fundi viatu, akachukua upande wa nyuma. Walikuja dirishani pamoja, wakitaniana. Jina la mkubwa likaingia kwa wino, na pembeni Shubaka akaandika kwa penseli kwamba nusu ya nyuma ni ya mdogo wake, fundi viatu, anangoja mpimaji. Mpimaji hakuja. Mwaka wa tatu kaka mkubwa akafa. Mwanawe, kijana mwenye duka la saruji na mabati, akaja ofisini, akaingia kwa Msajili wa wakati ule na mlango ukafungwa. Alipotoka, Shubaka akaitwa.

"Daftari la arobaini na saba," alisema Msajili yule, ambaye naye sasa ni marehemu. "Hati ya kijana inatoka leo. Hiyo takataka ya pembeni ifutwe, daftari liwe safi."

"Mzee, mpimaji bado haja..."

"Nimekuuliza?"

Hakuwa ameulizwa. Shubaka akatoa kifutio mfukoni, akafuta, akapuliza. Haikuchukua muda hata wa kumeza mate mara mbili. Jioni alipovua shati alikuta chembe ya kifutio imenasa kwenye mkunjo wa mkono, nyeusi, kama mavi ya panya. Aliitupa, kisha akaitafuta sakafuni asiione.

Wiki mbili baadaye fundi viatu akaja na barua ya kutakiwa ahame. Msajili akamfungulia daftari mbele ya watu wote waliokuwa dirishani.

"Soma mwenyewe, mzee. Kuna jina lako hapo?"

Fundi akatazama muda mrefu. Kisha akamgeukia Shubaka. "Mwanangu, si wewe uliyeandika? Mimi na kaka tulisimama hapa hapa. Ulikuwa na penseli ya ganda jekundu."

Watu wote wakamtazama Shubaka. Masikio yakashika moto.

"Sikumbuki, mzee," alisema.

Fundi hakugomba. Kesho yake alikuja na sanduku lake la kazi, akakaa kwenye benchi la korido, mkabala na mlango wa masijala. Akaja kila siku ya kazi kwa miezi mitano. Aliyemuuliza shida yake alimjibu, "Namngoja yule mwanangu akumbuke." Mikono yake haikujua kukaa bure. Aliweka soli kuukuu gotini akaigonga kwa nyundo ndogo: mara mbili haraka, akaitazama, mara moja polepole.

Siku moja Shubaka alikuwa akipita haraka, uso chini, na kiatu chake kimeachama mbele.

"Kiatu chako kinacheka, mwanangu," alisema fundi. "Kilete."

Naye akavua akampa. Alishindwa kusema hapana, kama alivyoshindwa kusema ndiyo. Fundi akakishona pale pale, akavuta na cha pili akakitia mishono hiyo hiyo ili vilingane, akakataa hela. "Ukikumbuka itatosha," alisema.

Jumatano moja benchi likawa tupu. Fundi alikuwa amefia nyumbani, kwenye chumba cha nyuma. Maneno ya ndugu msibani yalikuwa makali, na yule kijana wa saruji akaona aibu kidogo, akamwacha binti wa marehemu akae chumba kile kwa hisani. Viatu vile Shubaka alivivaa mara moja tu kurudi navyo nyumbani. Vikapanda juu ya kabati, na huko vikakaa.

Jumatatu ya wiki ya nne, wakiwa daftari la arobaini na nne, mwanamke mmoja alisimama dirishani. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni na nyuzi za rangi rangi kwenye mkono wa gauni. Alikuwa mshonaji nguo. Hakuhitaji kujitambulisha, kwa sababu alikuwa na macho ya baba yake.

"Samahani, kaka yangu," alisema. "Binamu yangu anasema huu mfumo mpya ukifunguliwa anauza kiwanja. Mnunuzi anataka kiwe wazi. Nimeambiwa nitoke mwisho wa mwezi."

"Ndiyo," alisema Mzee Shubaka, akiangalia meza.

"Baba alisema mpaka anakata roho kwamba kuna maandishi ya penseli hapa. Watu wakasema ni uzee." Akazungusha ncha ya tepu kidoleni. "Hata mimi nilimwambia. Nilimwambia, baba, acha kwenda kule unatutia aibu, umechanganyikiwa. Basi naomba uniangalizie tu. Kama hakuna, nijue hakuna, nifunge virago vyangu kwa amani."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mzee Shubaka alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kile kile kinachotoka kwenye madirisha yote ya ofisi.

"Daftari hilo bado halijafikiwa. Njoo Alhamisi."

"Asante sana, kaka. Mungu akuweke."

Alirudi mashubakani. Yalikuwa yamebaki mashubaka matatu tu. Sauti haikuja siku hiyo, wala Jumanne, wala Jumatano, na hilo lilimtisha kuliko kuja kwake. Nyumbani hakula. Mkewe akamtazama.

"Baba watoto, una nini? Umebakiza siku za kuhesabu. Usije ukajikwaa mlangoni."

"Nikijikwaa je?"

"Utatukuta nyumbani. Kwani tulikuwa tunakula ofisi?" Kisha akaona hacheki, naye akaacha utani.

Alhamisi asubuhi alipanda kwenye kigoda akashusha viatu vile juu ya kabati, akavipangusa. Ngozi ilikuwa imekakamaa, lakini uzi haukuachia hata mshono mmoja.

"Leo harusi ya nani?" aliuliza mkewe.

Aliondoka mapema, akipiga hatua fupi kwa sababu viatu vilimbana.

Binti wa mashine alianza daftari la arobaini na saba saa nne. Saa tano ukurasa ukafika. Akauweka juu ya kioo, akabonyeza, picha ikatokea safi. Jina la kaka mkubwa kwa wino, limekatwa. Jina la mwanawe kwa wino, na muhuri wa Msajili wa zamani.

"Huu hauna kitu pembeni, babu," alisema. "Nafunga?"

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibonyezo.

Ko-ko.

Mzee Shubaka akangoja pigo la tatu. Halikuja. Akangoja tena. Chumba kizima kilikuwa kimya, hata feni ilionekana kuzunguka bila sauti, na lile pigo la tatu likabaki limeshikwa hewani, kama nyundo iliyoinuliwa na mtu anayekutazama usoni.

"Usifunge," alisema.

"Mbona hakuna kitu?"

"Toa ukurasa. Weka kidole hapa. Taratibu."

Binti akapapasa pembeni mwa ukurasa, akakunja uso. "Pana mikwaruzo. Karatasi ni kama imesuguliwa."

"Uelekeze dirishani. Usiutazame kwa juu, utazame kwa ubavu."

Msajili wa zamani alizoea kumsema kwamba anaandika kama anayechimba shimo. Mkono wake ulikuwa mzito tangu shule ya msingi. Kifutio kilikuwa kimeondoa weusi, lakini makovu hakikuyaweza. Binti akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia karatasi, akawasha taa ya simu akaimulika kutoka upande, na midomo yake ikaanza kutembea.

"Nusu... ya nyuma... ni ya... mdogo wake." Akainua uso. Hakuwa akicheka tena. "Babu, hapa palikuwa na mtu."

"Andika kwenye kisanduku," alisema Mzee Shubaka. Akamsomea bila kutazama, neno kwa neno, maana yale maneno hayakuwa yametoka kichwani mwake hata siku moja. Nusu ya nyuma ni ya mdogo wake, fundi viatu, anangoja mpimaji.

Binti akaandika. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nani alifuta?"

"Andika kwamba mtunza masijala aliambiwa afute, naye alifuta. Andika tarehe. Na andika kwamba mwenyewe alipokuja kuuliza, mtunza masijala alisema hakumbuki, na alikuwa anakumbuka. Weka jina langu kamili."

"Babu." Binti aliondoa mikono kwenye kompyuta. "Wiki mbili tu ustaafu. Watakupeleka kamati ya nidhamu. Na mimi nikishafunga, hapa hakuna kifutio."

"Najua. Funga."

Akafunga. Kwenye kompyuta, kiwanja kile kikageuka rangi nyekundu, na chini yake likatokea neno moja: kimezuiwa. Maana yake hakiuziki, wala hakuna wa kumtoa mtu ndani yake, mpaka wenye madai wasikilizwe. Mzee Shubaka alilitazama neno lile, akangoja pigo la tatu lije sasa limwachie. Halikuja.

Mama Msajili alisoma kwenye mashine ya ofisini kwake, akatoka, akasimama mlangoni pa masijala.

"Mzee wangu," alisema, "kwa nini hukuniambia mimi kwanza, tukae tuone?"

"Ningekuambia wewe kwanza," alisema Mzee Shubaka, "ningeomba unisaidie nisiseme."

Mama Msajili akapumua. "Kaa koridoni. Namwita mwanasheria. Nikikuita utaingia."

Mshonaji alikuwa amefika, yuko dirishani. Mzee Shubaka alitoka kwa mlango, akamwendea upande wa watu, mahali ambapo hakuzoea kusimama. Watu wa foleni wakageuka. Masikio yakashika moto kama siku zote, na safari hii akayaacha yaungue.

"Maandishi yalikuwepo," alisema. "Mimi niliyaandika. Mimi niliyafuta. Baba yako hakuchanganyikiwa. Nilimwambia sikumbuki, nikamwacha akae pale miezi mitano."

Mshonaji hakupiga kelele. Alimtazama kuanzia kichwani, macho yakashuka polepole mpaka miguuni, yakasimama. Mtu wa sindano anajua mkono wa mtu wa sindano.

"Huo ni mshono wa baba," alisema.

"Ndiyo."

"Alikushonea lini?"

"Akiwa pale benchini. Ananingoja."

Mwanamke akageukia ukuta, akaweka kiganja juu ya chokaa, na mabega yake yakatikisika mara moja. Alipogeuka uso ulikuwa mkavu. "Kwa nini?" aliuliza.

"Niliogopa."

"Miaka ishirini na miwili?"

Mzee Shubaka alimweleza kwamba kiwanja kimezuiwa, kwamba hakuna atakayemtoa mwisho wa mwezi, kwamba ataitwa yeye na binamu yake, na mpimaji sasa ataletwa kwa lazima. Aliyasema yote akimtazama, maana alijua akiinamisha macho tu hatayamaliza. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema asante.

"Mimi ndiye niliyemwambia umechanganyikiwa," alisema. "Hilo sasa nalipeleka wapi?"

Akaenda kwenye benchi, akakaa upande mmoja, tepu ikining'inia shingoni. Mzee Shubaka alisimama kidogo. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kulikalia lile benchi, wala kuligusa. Akaenda akakaa upande wa pili, viatu vimebana miguu, mikono magotini, akingoja kuitwa.

Katikati yao palibaki nafasi ya mtu mmoja na sanduku lake. Watu wa foleni walikuwa wengi, wengine wamechoka kusimama, na mzee mmoja akaja akaitazama ile nafasi. Kisha, sijui aliona nini, akaomba radhi akarudi kusimama.